Bakuli la Mama Nyamizi

Bwana asifiwe! Itikieni kwa nguvu, maana kuna wakati hapa Igalula nilikuwa natoa shikamoo na wengine mnageuza shingo. Leo nimesimama kumshukuru Mungu, na nitasema yote.

Ndugu zangu, kikundi chetu cha wajane mnakijua. Tulinunua asali kwa warina asali wa porini, tukaichuja, tukaifunga kwenye chupa. Wafadhili wakatushauri tujiandikishe kama shirika lisilogawana faida, wakatupa mashine, tukapiga nao picha. Lakini kwetu, tangu enzi za misafara ya wapagazi, mtu akifika na bakuli kwa mwenye asali hanyimwi. Na hii ilikuwa asali ya mradi! Basi mabakuli yakaja: ya majirani, ya mashemeji, ya wanakwaya. Asali si ya mtu, nani angemwambia shemeji yake alipe? Mwenzangu Mama Nyamizi, aliyenishika mkono siku tulipomzika mume wangu, ndiye aliyekuwa akigawa, kwa moyo mweupe kabisa. Wafadhili walipoondoka, mapipa yalikuwa makavu. Warina asali wakapeleka mzigo kwa walanguzi, na wajane wakarudi kufanya vibarua kwenye tumbaku ya watu.

Nikaenda Tabora mjini, kwa mama mmoja wa ofisi ya biashara. Akaniambia tufungue kampuni: kila mjane awe na hisa yake, asali iuzwe, faida igawanywe, na fungu la kusomesha watoto liwekwe kwenye katiba. Niliporudi nikaeleza hapa hapa kanisani. Jamani! Nikaitwa mla wajane. Mama Nyamizi alisimama mbele ya wote akasema nageuza sadaka kuwa duka. Hisa yake akaikataa, nasi tukaitenga imsubiri. Salamu pia akaninyima.

Nililia, ndugu zangu. Nilimwambia Mungu, kama hili ni dhambi, ufunge huu mlango. Hakuufunga. Kampuni ilisajiliwa, warina asali wakarudi kwetu, na wajane wakatoka kwenye tumbaku mmoja mmoja. Lakini kiti cha Mama Nyamizi, pale tunapochujia asali, kilibaki kitupu.

Kisha akaugua kifua. Asubuhi moja nikamwona anakuja polepole, amekonda, bakuli mkononi. Nikalipokea mbio, nikalijaza mpaka ukingoni. Akakataa kulichukua. Akafungua pindo la khanga, akatoa hela.

“Niuzie, Mama Shija,” akasema. “Ukinigawia mimi, kesho utamnyima nani?”

Niliipokea ile hela. Nilitaka sana kumrudishia, lakini nikajua nikimrudishia nitakuwa nimemfukuza. Akaketi kwenye kiti chake, akaomba karatasi za hisa, akaweka dole gumba, akamtaja binti yake kuwa mrithi. Tukakaa pale wawili tukilia, hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha, na wala haikuhitajika. Asali ile hakuimaliza. Tulimzika kabla mvua hazijaanza.

Mungu aliniokoa na hofu ya maneno ya watu. Huzuni hakuniondolea, na sitasimama hapa niwadanganye. Ule mwaka tuliokaa bila kusemeshana hakuna wa kunirudishia. Ila asali ya mradi haikuwa na mrithi, na hii inaye. Ni Nyamizi, yule pale nyuma, anayekamua asali tangu mama yake aondoke. Simama, mwanangu, wakuone.

Asante Yesu! Na wewe unayeogopa kusemwa kwa sababu ya jambo jema, mtegemee Yeye, lifanye. Usisubiri mpaka kila mtu akuelewe, maana wengine wataelewa wakiwa wameshachoka. Duka letu liko karibu na stesheni, karibuni wote. Ila ukija na bakuli, njoo na hela. Mama Nyamizi alilipa.