Choo Hakijui Kuficha

Asubuhi ile Frednand aliegesha gari lake la kunyonya vyoo mbali kidogo na kijiwe cha kahawa cha Restituta, karibu na stendi ya Biharamulo, kwa kuzihurumia pua za watu. Alijua hatasalimika na maneno ya kijiweni. Wiki mbili nyuma afisa afya, ambaye kila Jumatatu huchota chupa moja kutoka kwenye tenki lake, alikuta humo vijidudu vya kipindupindu. Kesho yake visima vya mtaa wa stendi vikatiwa dawa, na kila nyumba ikaambiwa ichemshe maji. Waliougua wakawa wawili tu, nao wakapona. Hata hivyo, wanywa kahawa wa benchi la Restituta hawakuridhika.

— Wanapima tunakula nini, alianza Evaristi, waliyemwita Redio kwa sababu hazimiki. Ukionekana unakula nyama sana, kodi inapanda.

— Hapo umepunguza, alisema Gidioni mwenye gesti, jina la kijiweni Mzee Vyumba. Yanapelekwa ng'ambo, yanageuzwa vidonge, tunauziwa. Tunameza mavi yetu wenyewe.

— Na wahenga walishakataza, Redio akadakia. Maji yakimwagika hayazoleki. Frednand, wewe unayazoa kama nani?

Restituta aliziba mdomo kwa kanga.

Frednand hakucheka. Alipokuwa mdogo kule Kirushya, kipindupindu kilimchukua dada yake Scola kwa siku moja, kabla zahanati haijajua kuwa kimeingia.

— Ugonjwa unafika chooni kabla mgonjwa hajafika hospitali, alisema. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini choo hakijui kuficha.

— Kipindupindu hicho kimeniharibia jina, alisema Gidioni, sasa bila mzaha. Wageni wananiuliza kama kilitoka kwangu. Jumatatu usije kunyonya kwangu.

— Mzee, tenki linabeba mashimo saba. Yakishachanganyika, hata mimi sijui lipi la nani. Afisa anatafuta mtaa, hatafuti jina. Na hao wageni wanaokuuliza, si wazima?

Gidioni alimalizia kahawa yake, akaweka kikombe chini.

— Haya, njoo. Ila uje mapema, kabla wageni hawajaamka.

Pembeni alikuwa amekaa Speciose, mkulima wa kijiji cha Nemba aliyeleta maharage sokoni, akisubiri gari la kurudi.

— Kaka, aliuliza, na sisi? Vyoo vyetu ni vya shimo. Kikijaa tunafukia, tunachimba kingine. Gari lako halijawahi kufika. Kwetu mnachota wapi?

Gidioni akajifanya anatafuta simu. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Frednand akaona haya.

— Sijui, dada, alisema. Lakini afisa afya, anayepaswa kujua, yuko ofisini sasa hivi. Panda gari langu, ukamuulize mwenyewe.

Speciose alimkabidhi Restituta magunia yake matupu, akajifunga kanga vizuri, akapanda mbele.