Evode Mbonigaba, Aliyemrudisha Gaju kwa Miguu Yake

Marehemu Evode Mbonigaba alizaliwa tarehe 12 Machi 1919 kwenye kilima cha Rubaya, Masisi, mtoto wa tatu wa Papa Straton Hakorimana na Mama Nyiraneza. Ukoo wake umelima kilima hicho tangu babu za babu, na haujawahi kuitwa ukoo wa wezi. Neno hili limewekwa mwanzo kwa makusudi.

Alisoma kwa mapadri toka 1928 hadi 1936, kisha akafundishwa uganga wa mifugo. Kuanzia 1940 alipanda na kushuka vilima akichanja ng'ombe dhidi ya sotoka, viatu begani ili tope lisivile.

Tarehe 5 Februari 1944 alifunga ndoa na Thacienne Mukandori, mwalimu wa wasichana. Alifika kanisani amechelewa saa nzima, shati limelowa damu hadi kwenye kiwiko.

"Bwana arusi, unatoka kuchinja?" baba mkwe alimuuliza.

"Hapana, Papa. Natoka kuzalisha ng'ombe ya jirani. Arusi inaweza kungoja, ndama haiwezi."

Bibi arusi alicheka mbele ya padri. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Julai 1954 Wazungu wa filamu walipiga kambi msituni, kati ya Kalembe na Ntoto. Evode alipelekwa huko kutunza nyani na wanyama wao wengine. Kila asubuhi alikagua maji, kivuli na kamba. "Muntu akichoka atasema," aliwaambia wafanyakazi. "Munyama atasema na nani?" Wakamwita Papa wa Nyani.

Filamu ilihitaji ng'ombe. Papa Ndagijimana wa Kalembe alimwazima Evode ng'ombe wake mwekundu mwenye mimba, Gaju. Walikunywa pombe ya ndizi kwa mrija mmoja mbele ya majirani, na Evode akaahidi kwamba Gaju atarudi kwa miguu yake. Karatasi haikuandikwa. Kati ya watu waliokunywa kwa mrija mmoja, kudai karatasi ni tusi.

Tarehe 19 Agosti mkubwa wa filamu aliamuru Gaju afungwe miguu kwa waya uliofichwa majanini, ndipo aachiliwe chui aliyenyimwa chakula siku nne. Evode alikata waya, akasimama mbele ya mashine ya picha.

"Toka! Jua linaisha!"

"Liishe, Bwana. Hii ng'ombe nilipewa kwa kinywa changu."

"Papa wa Nyani, iko ng'ombe tu!" mpishi alimzomea.

"Basi njo tukufunge weye. Uko na nyama mingi kuipita."

Alifukuzwa papo hapo. Isidore, mwindaji wa Ntoto aliyemtega chui yule, alimpa mnyama nyama kwa ombi la Evode. Evode akatembea na Gaju siku mbili, akamkabidhi kwa mwenyewe akiwa mzima.

Mkubwa alimshtaki kwa wizi. Hakimu alidai karatasi. Isidore hakuitwa. Papa Ndagijimana, aliyekwisha kumficha Gaju kwa shemeji yake, aliwatazama askari, akasema, "Toka nimupe Evode ile ng'ombe, sijaiona tena."

Evode alinyamaza. Mkewe alipomuuliza sababu, alijibu, "Mama Damascène, ningesema Gaju iko wapi, wangeirudisha kwa chui."

Alifungwa miezi minne Walikale, kazi yake ikapotea, akatoka na kikohozi ambacho hakikumwacha. Kwa miaka mitatu wanawe waliitwa sokoni watoto wa mwizi wa ng'ombe. Wale waliokuwapo mrija ulipopita hawakufungua kinywa, ingawa Gaju alikuwa amerudi zizini na ndama wake amekwisha kukua machoni pao. Evode alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 8 Novemba 1957, akiwa na miaka thelathini na minane.

Ameacha mjane, Thacienne. Watoto Damascène, Françoise na Joséphine-Marie. Na mdogo wake Albert, anayesoma maneno haya.

Wakati wa kutupa udongo, familia inawaomba waliomwita mwizi wabaki nyuma. Papa Ndagijimana yuko kati yetu. Atakaribia kaburi akisha kusema, watu wote wasikie, siku gani ng'ombe wake alirudi na nani alimleta. Asiposema, mikono ya familia inatosha kumfukia marehemu.

Evode, upate kwa Mungu amani ambayo jirani zako walikunyima.