Saa Nane ya Lusubilo Kibona

Ndugu Lusubilo Kibona, fundi wa kompyuta wa yadi yetu ya malori hapa Tunduma, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na sita kazini. Nimeambiwa niandike kwa furaha kwa sababu ni sherehe. Furaha ninayo. Hasira pia ninayo, na zote mbili zitakaa humu humu, maana anayeandika ni Ruti wa jikoni, na mimi chumvi huwa siifichi.

Alikuja kutoka Ileje mwaka 1999, akaanza kama karani wa mapokezi. Wakati huo yadi ilikuwa na taipureta moja, na malori yaliandikwa kwenye daftari. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa watu waliizunguka wakiiangalia tu, kila mtu akimsukuma mwenzake mbele. Lusubilo aliiwasha. Tangu siku hiyo ikawa yake, na zote zilizofuata.

Siku moja alikuta birika langu la umeme nimelichomeka kwenye soketi ya ile kompyuta kubwa. Mwingine angenifokea. Yeye alivuta ndoo akaikalia, akanieleza.

"Bibi, hii kubwa ni mwenyeji. Ndani yake zimo nyingine nne zisizo na mwili: ya geti, ya mizani, ya hati na ya ofisi. Hizo ni wageni."

"Hazina mwili na zinafanya kazi? Si mapepo hayo!"

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Ndiyo maana tunaziita kompyuta pepe."

Akaniambia kwamba shida ya wageni hao ni saa. Mgeni akiamka humuuliza mwenyeji ni saa ngapi, na anachoambiwa anakiamini. Mwenyeji akikosea, nyumba nzima imekosea. Tena mgeni akilazwa kidogo, saa yake inasimama; akiamshwa anadhani ni ile ile. Kwa hiyo kazi ya fundi ni kumpatia mwenyeji saa ya kweli kutoka kwenye mtandao, na kuhakikisha kila mgeni anasikiliza sauti moja tu. Akisikiliza mbili, atavutwa huku na huku kama mbuzi mwenye kamba mbili. Na saa ikitangulia hairudishwi kwa pigo moja. Inapunguzwa mwendo taratibu mpaka ilingane na wenzake. "Ukiirudisha ghafla, Bibi, lori litatoka kabla halijaingia."

Nilimwelewa. Sisi wa mpakani saa tunaijua: ukivuka tu upande wa Zambia inarudi nyuma moja, na maisha yanaendelea. Miaka yote ile kompyuta zetu hazikupishana hata dakika, na hakuna aliyemshukuru. Jambo likienda vizuri hamlioni.

Sasa nifike kwenye linalonichoma.

Novemba 2022 alikuwa Ileje, msibani kwa kaka yake. Huku umeme ukakatika. Ndani ya ile kompyuta kubwa kuna betri ndogo kama kifungo cha koti, ndiyo inayoshika saa umeme ukiondoka. Ilikuwa imechoka. Lusubilo aliomba nyingine mara mbili kwa maandishi, hakupewa. Jenereta lilipowashwa, mwenyeji akaamka hajui siku wala saa, na mtandao haupo wa kumuuliza. Meneja wa wakati huo, ambaye amehamishwa na jina lake silitaji, akampigia simu mtu aliye makaburini akimzika ndugu yake.

Lusubilo akaangalia saa yake ya mkononi, akamwambia, "Weka tarehe ya leo, saa nane na dakika kumi."

Meneja akaandika nane na kumi.

Nane! Kompyuta inahesabu kizungu. Saa nane ya mchana kwake ni kumi na nne. Aliyoiandika yeye ilikuwa saa mbili asubuhi. Jua liko utosini, chai ya saa nne nimeshatoa, vikombe nimeosha, yeye mwenyewe ana mafuta ya wali mdomoni, halafu anaandika saa mbili asubuhi! Mtu mzima aliyezaliwa Tanzania! Wageni wakaamka mmoja mmoja, wakamuuliza mwenyeji, wakaamini.

Malori yaliyoingia saa tano yakaanza kutoka, na hati zao zikasema yametoka saa mbili na nusu. Dereva Twaibu alirudishwa kutoka mpakani, akaja moja kwa moja jikoni. "Bibi Ruti, karatasi inasema nimetoka yadini kabla sijafika. Sasa niambie, hapa nilipo ni wapi?"

"Uko jikoni kwangu," nikamwambia, "na viatu vina tope."

Tulicheka, lakini kicheko kilikatika. Nesta, karani wa geti, aliambiwa amechezea hati, akarudishwa nyumbani analia na mtoto mgongoni. Na Lusubilo akaandikiwa barua ya onyo alasiri ile ile: ametoa maelekezo ya upotoshaji. Upotoshaji! Kwa kusema saa nane ikiwa saa nane!

Kesho yake alifika na tope la Ileje kwenye suruali. Hakugombana na mtu. Alikuja kuniuliza, "Bibi, jana umeme ulipokatika wewe ulikuwa unafanya nini?" Nikamwambia nilikuwa napakua wali, saa saba na nusu, sijachelewesha wali siku hata moja. Akachukua neno langu na daftari la mlinzi, akalinganisha na kompyuta, akakuta pengo ni saa sita kamili kwa kila lori. Saa sita kamili hazichezewi na karani. Hizo ni Kiswahili kimeandikwa kizungu. Akarekebisha saa, akanyoosha hati zote, na siku ya tatu Nesta akarudi getini.

Barua yake yeye ikabaki kwenye faili. Nilimuuliza kwa nini hadai. "Acha, Bibi, malori yanatembea." Nikanyamaza. Nilikosea kunyamaza, na hilo naliandika hapa.

Wiki iliyopita nikasikia kwamba mwenye barua ya onyo hapewi cheti cha utumishi mwema. Miaka ishirini na sita, aondoke na saa ya ukutani tu, kama mtu aliyeshinda bahati nasibu! Niliacha maharage motoni nikaenda kwa Raudha, ofisa utumishi wetu. Nikamwambia, mwanangu, miwani nimeiacha jikoni, fungua hilo faili unisomee kila kilichoandikwa, hata vile vidogo vya chini.

Akasoma. Alipofika chini kabisa akasita. "Imechapwa saa tatu na dakika arobaini asubuhi."

"Siku gani?"

"Siku ile ile."

"Na umeme ulikatika saa ngapi?"

Raudha akainua macho. "Humu wameandika saa saba na nusu mchana. Bibi, hii barua imemwonya kabla hajakosa!"

Ilichapwa na mmoja wa wageni wale wale, kwa saa ile ile ya meneja. Raudha aliibeba hadi kwa meneja wa sasa, naye meneja akaisoma mara mbili, akaifuta kwa saini na muhuri Jumatano. Maharage yaliungua. Mliyala, na sasa mnajua sababu.

Kwa hiyo Ijumaa, cheti kitatangulia chakula. Nimeshasema, na sufuria ziko mikononi mwangu. Saa ya ukutani mpeni pia, ila betri yake aiweke mwenyewe.

Lusubilo, Baba Lusungu, asante kwa kunieleza ukiwa umekalia ndoo wakati wengine walinipita wamesimama. Asante kwa Nesta. Mungu akupe miguu ya kuzunguka shamba lako, na wajukuu wa kukusumbua. Ule njaa ikikuuma, ulale usingizi ukija. Na mtu akikuuliza ni saa ngapi, mwonyeshe jua.