Matroni Nzilani na Majani Arobaini

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwatunza wasichana wa shule yetu, Matroni Nzilani Masila atastaafu Ijumaa, tarehe 24 Oktoba 2025. Alitoka kwao Kangundo mwaka wa 1994, bweni likiwa moja tu. Leo mabweni ni manne, na ngazi zake zimemmaliza magoti. Sote humwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, hata sisi ambao si Wakamba.

Mwaka ule wa kwanza alipanda mwarobaini nyuma ya zahanati. Alichemsha majani yake, akayaacha maji yapoe, kisha akawaosha wasichana wenye ngozi ya kuwasha. Hakumruhusu yeyote kuyanywa. Mwenye homa alimpeleka mwenyewe hospitalini akapimwe damu, kisha akarudi kumalizia kazi iliyomngoja. Kuna siku alilala akiwa bado amevaa viatu.

Muhula wa kwanza wa 2023, Kalunde wa Kidato cha Kwanza alishikwa na homa. Aliogopa kukosa mtihani, kwa hiyo hakumwambia mtu. Alikuwa amesikia kwamba mwarobaini hutibu magonjwa arobaini, lakini yeye alielewa kwamba dawa ni majani arobaini. Aliyachuma, akayachemsha na kunywa kikombe kizima kabla ya kula chochote. Kufikia jioni alikuwa akitapika na kutetemeka. Matroni alimbeba mgongoni hadi langoni, wakapanda bodaboda hadi hospitalini, na kwa siku mbili hakutoka kando ya kitanda chake. Vipimo vilionyesha malaria, akapewa vidonge. Alipopata nguvu ya kuzungumza, Kalunde alijitetea.

“Mwaitu, nilihesabu vizuri. Hayakuzidi arobaini.”

Matroni alicheka hadi akalia.

Waliporudi, walikuta imeamuliwa mti ukatwe, na msumeno umeshaletwa. Matroni alisimama chini yake akamwambia mwalimu mkuu, “Mti haukukosea. Ni mimi ambaye sikuwafundisha.”

Mti ukabaki. Tangu hapo, Jumamosi ya kwanza ya kila mwaka wa masomo, huwakusanya wanafunzi wageni pale na kuwafundisha: maji ya majani ni ya ngozi tu, yasinywewe, hasa na mjamzito au mtoto mdogo, homa ipimwe kwanza, na daktari aambiwe mitishamba yote uliyotumia, hata kama unaona haya. Mwaka huu sauti ilimkauka katikati ya somo, Kalunde akalimalizia.

Amechoka, wala hafichi. Tukimuuliza kwa nini mwarobaini hautibu magoti yake, hujibu kwamba huo ni ugonjwa wa arobaini na moja.

Matroni mwingine hajapatikana, na Januari wageni watakuja. Tulihofia kwamba somo litakufa na msumeno utarudi. Wiki iliyopita Kalunde aliomba alifundishe yeye. Matroni alikubali kwa sharti moja: aanze na kisa chake mwenyewe, bila kuruka idadi ya majani. Kalunde aliinama kwa aibu, kisha akakubali.

Mwaitu, asante kwa mgongo wako na kwa magoti yako. Nenda nyumbani ukalale bila viatu. Tunakuombea siku njema, nyingi kiasi kwamba hata Kalunde atashindwa kuzihesabu.

Wanja Kinyua, Kidato cha Tatu, kwa niaba ya Chama cha Afya