Mugure na Chai ya Tangi la Mwenyeji

Tabitha Mugure Kemboi alizaliwa Kabazi tarehe 3 Mei 1949, katika nyumba ambayo mtoto alisalimia wazee kabla ya kuuliza chakula. Mtoto wa siku hizi anauliza chaja.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kabazi hadi mwaka 1964, hodari wa hesabu na mwepesi wa kujibu walimu.

Mwaka 1970 aliajiriwa Nakuru kufagia jengo la ghorofa la familia ya Mzee Jaswant. Kufikia 1988 yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa jengo hilo. Enzi hizo msimamizi alilijua jengo kwa kulipanda. Sasa analipigia simu.

Humo jengoni, alipokuwa bado anafagia, ndimo alimokutana na fundi wa mabomba, Kemboi. Bomba la ghorofa ya pili lilipasuka mara nyingi ajabu wakati huo, na Kemboi hajawahi kueleza vizuri ni kwa nini. Walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1972, wakajaliwa Chepchirchir na Kiprugut.

Tarehe 17 Machi 2007, chama cha wasimamizi wa majengo mjini kilimchagua kuwa mwenyekiti. Waliomtangulia walishughulikia fulana na picha. Yeye alitanguliza maji safi, ngazi za kukimbilia moto ukizuka na vyoo vya walinzi. Akaanzisha desturi: kila mwezi mkutano uhamie jengo la mwanachama mmoja, chai ichemshwe kwa maji ya tangi la hapo, mwenyeji anywe kwanza. Matangi yalisuguliwa yakang'aa.

"Mama, hii ni chama ama ni mtihani?" aliuliza makamu wake, Kimutai.

"Ni chai, Kimutai. Anayeona mtihani ni yule hajaosha tangi."

Vurugu za baada ya uchaguzi zilipotokea Januari 2008, mikutano ilikoma. Ilisemwa chama kitagawanyika, kila kabila na chake. Mugure, aliyeolewa na mtu wa kabila jingine, aliogopa hilo kuliko ugonjwa wa moyo uliokuwa umeanza kumsumbua. Tarehe 15 Machi aliwaita wote jengoni kwake. Walikuja, wakaketi pande mbili, kila kabila upande wake. Mugure akanywa kwanza, hakuna aliyemfuata. Ndipo Kemboi, aliyeshika birika, akachukua kikombe cha mkewe na kukimalizia.

"Mama Chepchirchir, hii chai haina sukari."

"Sukari iko. Ni ulimi wako umezeeka."

Mtu akacheka upande huu, mwingine akacheka upande ule. Kimutai akavuta kiti katikati, akaomba chai. Chama kingali kimoja.

Moyo ulimlaza hospitalini mwezi wa Julai. Jioni moja alimuuliza Kimutai kama tangi la hospitali lina kifuniko. Kimutai alipanda kuangalia, akarudi na jibu: kipo. Mugure akatabasamu. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Agosti 2008.

Ameacha mumewe, Mzee Kemboi, watoto wake, Chepchirchir na Kiprugut, wajukuu, na kaka yake mkubwa, anayewasomea haya.

Chai ya leo ni ya maji ya tangi la boma hili. Mzee Kemboi ameshaonja kwanza. Ketini mkiwa mmechanganyika, mnywe. Naye Mugure apumzike kwa amani, tangi limesuguliwa.