Papa Félicien Alivyojifunza Kurudi Nyumbani

Mheshimiwa Bwana Burgomestri, mkuu wa mji wetu, Bwana Shefu wa Gare, msimamizi wa stesheni, Baba Padri, ndugu wafanyakazi wa reli, mama zangu wa kambi, nanyi wageni mliotoka Kabalo:

Mimi Mama Virginie, kiongozi wa akina mama wa kambi ya reli hapa Albertville, nimeombwa kumuaga Papa Félicien, dereva wetu wa gari ya moshi, anayeacha kazi na kuingia pansio leo. Wenzake wamesifu mikono yake kwenye mashini. Mimi, kwa ruhusa yake mwenyewe, nitasifu namna alivyojifunza kurudi nyumbani.

Ile miaka ya vita mnaikumbuka. Nani hakujua kwamba dereva anaweza kuondoka asubuhi kwenda Kabalo, na mbele yake daraja lisiwepo tena? Papa Félicien aliendesha hivyo hivyo, na pale gare hakulalamika hata mara moja. Lakini nyumbani, kifuniko cha sufuria kikianguka, anaruka na kufoka. Ugali ukichelewa kidogo, anasukuma meza. Usingizi ulimkimbia. Sisi majirani tulisema ni uchovu tu.

Siku moja mke wake, Mama Angélique, alikuwa anaosha samaki uani, nami nimekaa karibu. Papa Félicien akaingia kutoka kazini, naye akamwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao:

“Papa Léonie, gari ya moshi ikilia kule konani, watoto wanaingia chini ya kitanda. Zamani walikuwa wanakukimbilia. Sasa njo wewe wanakuogopa kuliko vita.”

Nilitazamia kelele. Badala yake alikaa chini, kwenye udongo, na nguo zake za kazi.

“Na mimi ninaogopa, Angélique. Kila daraja, ninaogopa. Sijamwambia muntu.”

“Basi uniambie mimi. Watoto hawakuvunja daraja.”

Tangu hapo, akishuka kwenye mashini, alikwenda kwanza ziwani na mwenzake Kizito. Waliogelea, wakatoa masizi, wakakaa wakaelezana waliyoyaona njiani. Halafu ndipo alipoingia kwake, akamweleza na mkewe. Je, alipona siku hiyo hiyo? Hapana. Kuna jioni alivunja sahani tena, akawaomba watoto msamaha, kesho yake akarudi ziwani. Kuna waliowacheka, wakisema wanaume wale wanalia kama wajane. Hao hao, mmoja mmoja, walikuja kukaa nao. Usingizi ukarudi polepole, na Léonie akaanza tena kula sahani moja na baba yake.

Ndugu vijana mnaochukua mashini leo, wake zenu wanajua mnapenda samaki gani na shati gani. Je, wanajua mnaogopa nini? Msingoje nyumba inyamaze mnapoingia ndipo muanze kusema.

Papa Félicien, umefikisha abiria wengi salama, na mji mzima unakushukuru. Mimi jirani yako nakushukuru kwa jambo dogo zaidi: watoto wako umewarudishia baba yao, na ulifanya hivyo vita ingali inaendelea.

Nanyi mliosimama juani mkinisikiliza mpaka neno hili la mwisho, asanteni sana.