Mzee Dalmas Obiero na Mlima wa Riat kwa Gia ya Nne

Mzee Dalmas Obiero alizaliwa tarehe 14 Aprili 1936 katika boma la baba yetu, Mzee Oketch, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Luanda Kotieno. Siku hizo ufuoni hapakuwa na feri wala mizani ya samaki. Palikuwa na mitumbwi, na watu waliosalimiana. Yeye alikuwa mtoto wa kwanza. Mimi Oduor, ninayewasomea maneno haya, nilimfuata mwaka 1939, kisha dada yetu Aoko.

Vijana wa kamati ya mazishi waliniletea karatasi ya mfano, ambayo ndani yake kila marehemu alikuwa mcheshi na aliwapenda watu wote. Nimewarudishia. Dalmas hakuwapenda watu wote. Hakumpenda mtu anayewasha injini na kuondoka kabla haijapata joto, na hakumpenda mtu anayesema atakuja kesho huku akijua hatakuja.

Alisoma katika shule ya misheni kuanzia mwaka 1944 hadi 1951. Alikuwa na akili ya hesabu na shingo ngumu. Akiwa darasa la sita aliifungua baiskeli ya mwalimu wakati wa maombi, akaweka gia ndogo nyuma. Mwalimu alirudi nyumbani kwa kasi ambayo hakuwahi kuiona, akiwa hawezi kupanda hata kichuguu. Kesho yake alimchapa viboko sita. Dalmas alipotaka kurudisha ile gia ya zamani, mwalimu akamwambia, "Wacha hivyo hivyo."

Mwaka 1953 aliingia Kisumu na kuajiriwa katika gereji ya Bwana Gurdial, kalasinga mmoja mkali aliyemfanya afagie mwaka mzima na nusu kabla ya kumpa spana. Alifagia. Nani leo angefagia mwaka na nusu? Hapo alifundishwa kuweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini na mpini wake sikioni, akasikia valvu iliyolegea na beringi inayokaribia kulia. Mwaka 1971 alifungua kibanda chake mwenyewe nyuma ya soko la Kibuye. Alitengeneza. Nasema alitengeneza, kwa sababu fundi wa siku hizi hana tofauti na muuza duka: anatoa kilichokufa, anafunga kipya, na kilichokiua kile cha kwanza hakijui.

Tarehe 8 Desemba 1962 alifunga ndoa na Seline Nekoye, binti wa Mzee Wepukhulu wa upande wa Bungoma. Seline alikuwa na kibanda cha chai karibu na gereji. Maneno ya kwanza aliyomwambia Dalmas yalikuwa, "Wewe na hiyo grisi yako, kikombe changu hushiki. Nitakushikia." Akamshikia kikombe mpaka chai ikaisha. Waliishi pamoja karibu miaka thelathini na mitano, wakazungumza Kiswahili nyumbani kwa sababu hakuna aliyekubali kushindwa na lugha ya mwenzake.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengi wenu mmekuja kulisikia, na ambalo kamati iliniomba nilipite haraka. Silipiti.

Mwaka 1985 lori lilipinduka Ahero wakati wa mafuriko, likalala ndani ya mpunga. Dalmas alikwenda kununua vyuma vyake, akarudi na turbo. Kwa wale wasiojua: gari la kawaida huvuta hewa lenyewe, kama mtu anavyovuta pumzi. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo huisukumia injini hewa kwa nguvu. Hewa ikizidi, na petroli ikizidi, nguvu nayo huzidi. Dalmas alikuwa na Peugeot 504 nyeupe ya mwaka 1974, isiyo na kasoro yoyote. Akaamua kuifungia turbo ya lori.

Krismasi ya mwaka huo sote tulikuwa nyumbani. Baba alimwuliza mbele yetu, "Dalmas, nitakupeleka lini ukafungue boma lako?" Mnaojua desturi mnaelewa uzito wa swali hilo. Mwana hutoka katika boma la baba akiwa na mke na mtoto wa kiume, baba akimtangulia asubuhi na mapema, akaanzisha boma lake. Na mdogo hamruki mkubwa. Akimruka, analeta mkosi juu ya watoto. Dalmas alikuwa na miaka arobaini na tisa. Mimi nilikuwa na arobaini na sita, nina wana ambao sauti zao zilikuwa zimeshakuwa nzito na hawana mahali pa kujenga simba, yaani nyumba ya kijana, kwa sababu wote tulikuwa tumesongamana katika boma la babu yao. Nilimngojea yeye tu.

Dalmas akajibu, "Baba, siku gari hili litakapopanda Riat kwa gia ya nne kutoka chini mpaka juu, na wewe umekaa ndani, siku hiyo nitakuwa tayari kufungua boma."

Watu wakacheka. Baba hakucheka. "Nimesikia," alisema.

Nilimfuata Baba nyuma ya nyumba. "Mzee, huyu anacheza. Mpeleke tu Januari."

"Ameahidi mbele yangu," Baba akasema. "Nikimpeleka kabla, nimemfanya mwongo siku ya kwanza ya nyumba yake. Ngoja."

Nikangoja. Injini ya kwanza ilikufa mwezi Machi 1986 kwenye barabara ya Ahero. Injini ya petroli imeundwa kubana hewa yake kwa kipimo; ukiisukumia nyingine juu, inawaka kabla ya wakati na kugonga kama nyundo. Pistoni ya tatu ilitoboka tundu katikati. Dalmas alinionyesha, akiwa na furaha kama mtu aliyepata barua. "Omera, ndugu yangu, unaona? Inataka nafasi zaidi juu." Akakata gasketi nene ya shaba kwa mkono, siku kumi na moja kwa patasi na tupa, ili kichwa cha injini kiinuke kidogo. Akaizungushia kabureta kisanduku cha bati ili hewa isivuje. Akachomelea mabomba ya maji yawe njia ya moshi. Hewa ilipozidi, ilitolewa na valvu aliyoiunda kwa springi ya kiti cha baiskeli. Shemeji Seline alikuja kibandani siku moja na chakula, akalitazama lile dude likiwa wazi lote.

"Baba Gordon, watu wanakuambia gari lako lilikuwa zima."

"Lilikuwa zima."

"Na sasa?"

"Sasa linajifunza."

"Mungu wangu. Nimeolewa na mwalimu."

Tarehe 12 Agosti 1989, Jumamosi, alikuja kutuchukua. Baba alikaa mbele na kofia yake ya kanisani, mimi nyuma. Kutoka Mamboleo, chini ya mlima, alikimbiza gari, akaingiza gia ya nne, akaondoa mkono. Ninyi mnaijua Riat. Malori hupanda pale yakilia kwa gia ya kwanza. Gari letu lilinyong'onyea kidogo, kisha turbo ikaamka kwa mluzi, na kitu kikanisukuma mgongoni kama mkono wa mtu. Tulilipita basi. Kwenye kona kubwa gari likazubaa, likashtuka, likaendelea, na tukatokea juu! Baba alipiga makofi. Mimi, mtu mzima, nilishuka nikalia kando ya barabara. Nilikuwa nimekwisha kuamua moyoni lango langu litatazama wapi.

Dalmas alizima injini, akabaki amekaa, anautazama mguu wake wa kushoto.

"Nilikanyaga klachi," akasema.

"Wapi?"

"Kwenye kona. Turbo ililala, nikakanyaga kidogo ili iamke. Haihesabiki."

"Dalmas. Nani aliona?"

"Sijasema kuna aliyeona."

Nilimgeukia Baba. "Mzee, mwambie! Gari liko juu. Sisi tuko juu. Tunataka nini tena?"

Baba akavuta mlango wake, akaufunga. "Amesema haihesabiki," alijibu. "Tushuke."

Kumbe hata kushuka ilikuwa shida. Turbo iliyofanya kazi hivyo haizimwi papo hapo. Huachwa injini ikinguruma pole pole mpaka ipoe, la sivyo mafuta huungua ndani yake. Kwa haraka ya kuungama, fundi wetu alikuwa amesahau. Ile turbo iliganda pale pale juu ya Riat. Tulishuka kwa pikapu ya kabichi, wanaume watatu juu ya kabichi, na mimi sikusema naye mpaka Krismasi.

Alitafuta turbo nyingine kwa miaka mitatu. Wana wangu wawili wakaoa wakiwa bado katika boma la babu yao, jambo ambalo lilinifanya nione haya mbele ya wakwe. Baadhi ya wenye busara mpya waliniambia, "Jenga tu, Mzee Oduor, hizo ni mila za kale." Watu hao leo wana nyumba za mawe Nairobi, na wakifa tunahangaika kuwatafutia pa kuwalaza. Sikujenga. Lakini nisije nikasema uongo mbele ya jeneza: nilimchukia. Nilikuwa nikimwona akiinama juu ya lile gari, na mikono inaniwasha.

Mwaka 1992 alipata turbo ndogo zaidi kutoka kwa lori la barafu ya samaki lililokufa Port Victoria. Akanieleza, ingawa sikumwuliza, kwamba ya kwanza ilikuwa kubwa mno, ndiyo maana ilichelewa kuamka, na kwamba kosa lilikuwa lake tangu mwanzo kwa kupenda kikubwa. Aliyasema hayo kwa sauti, wateja wakisikia.

Tarehe 4 Septemba 1993 tulirudi Mamboleo. Baba alikuwa na zaidi ya miaka themanini na macho yake yalikuwa yamekwisha. Alipokaa, akapapasa, akaweka mkono wake juu ya goti la kushoto la Dalmas.

"Baba, unaniamini au huniamini?"

"Endesha gari."

Dalmas akaingiza gia ya nne, akaondoa mkono. Turbo ile ndogo iliamka mapema, kabla hata ya mwinuko kuwa mkali. Tulifika kwenye kona kubwa. Gari likalala upande, mluzi ukashuka, ukasita, ukapanda tena. Mimi nilikuwa nautazama mkono wa Baba, mkono wa mzee wenye mishipa, umetulia juu ya suruali ya kazi. Tulipotokea juu, Dalmas alisimamisha gari na kuiacha injini ingurume dakika mbili nzima. Hakuna aliyethubutu kushuka.

"Mguu haukusogea," Baba akasema.

Tarehe 15 Januari 1994, Baba, akiongozwa kwa mkono, alimtangulia Dalmas, Seline na mwana wao Gordon hadi mahali hapa mlipokaa leo. Nyumba ya kwanza ilisimama kabla ya jua kuzama. Mwaka uliofuata, tarehe 14 Januari 1995, alinipeleka mimi. Mwezi Oktoba wa mwaka huo akafariki, akiwa amemaliza kazi yake.

Na sasa mnisikilize. Wiki moja baada ya kufungua boma, nilimkuta Dalmas amelifungua gari. Ameitoa turbo, mabomba, gasketi ya shaba, kila kitu, na anairudishia injini vyuma vyake vya zamani, alivyokuwa amevifunga kwa gunia miaka yote minane. Nikamshika bega.

"Unafanya nini?"

"Naliacha lipumue lenyewe. Halikuzaliwa na hii."

"Miaka minane, Dalmas!"

"Nilitaka kujua kama inawezekana. Inawezekana."

Shemeji Seline alikuwa amesimama mlangoni. "Usimwulize zaidi, shemeji," akasema. "Utapata jibu."

Mwanzoni mwa mwaka 1996 kifua kilianza kumsumbua. Miaka arobaini ya moshi na rangi ya kupulizia ilikuwa imelala humo. Alilazwa mjini Kisumu mara tatu. Mara ya mwisho walipomfunika pua na mdomo kwa kikombe cha oksijeni, aliniita kwa kidole, akakiinua kidogo. "Omera," alisema, "wamenifungia turbo." Nesi alimkaripia akirudishe. Nilicheka mpaka nikatoka nje, na huko nje sikuwa nikicheka. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Novemba 1997, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshikia kikombe cha uji.

Mvua hii iliyokata barabara ya Ahero imetuchelewesha karibu wiki mbili kumleta nyumbani. Amefika. Anazikwa mbele ya nyumba yake, ndani ya boma lake, bila mzee yeyote kulazimika kujenga kibanda cha aibu ili apate pa kulala. Boma hili aliishi ndani yake kwa chini ya miaka minne, na mimi nililingojea minane. Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi, na bado inaniudhi. Lakini tangu siku ile juu ya Riat nimewatazama watu wengi wakiapa, makanisani na mikutanoni, na sijamwona mwingine aliyerudi mwenyewe kusema kwamba alikanyaga klachi.

Ameacha mjane, Seline Nekoye, watoto wanne, Gordon, Milka, Nabalayo na Wepukhulu, wajukuu tisa, dada yake Aoko, na mimi mdogo wake.

Mungu ampe pumziko jema. Ametangulia, kama ilivyo desturi, na safari hii mimi sikuwa na haraka.